Tembo wa Tarangire na Njia za Kutoka Hifadhini

Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, iliyoanzishwa mwaka 1970 kaskazini mwa Tanzania, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 2,850, na uhai wake wa kiangazi unategemea zaidi Mto Tarangire, ambao hutiririka kuelekea kaskazini kisha hupinda magharibi na kuishia katika Ziwa Burunge. Kati ya Julai na Oktoba, madimbwi ya nyikani yanapokuwa yamekauka, nyumbu, pundamilia, nyati na twiga huteremka mtoni kutoka pande zote, na simba huwafuata nyuma. Faru hawamo tena, kwa kuwa ujangili wa karne iliyopita uliwamaliza. Hata hivyo, mnyama ambaye wageni wengi hufunga safari kwa ajili yake ni tembo, na msimu huo huwaona kwa mamia.

Tembo mzima huweza kula kilo 150 za majani, magome na matawi kwa siku moja, na kunywa zaidi ya lita 100 za maji, hivyo ukame humgusa mapema kuliko anavyodhaniwa. Mto unapopungua na kubaki mchanga mtupu juu, tembo huchimba kwa miguu ya mbele na mkonga hadi afikie unyevu, husubiri maji yajikusanye taratibu shimoni, kisha huyafyonza kwa mkonga na kuyamimina kinywani. Akishaondoka, kisima hicho hunywewa na pundamilia, nyani na ndege, ambao wasingeweza kukichimba wenyewe. Mibuyu nayo hubeba alama za kiu hiyo, kwani tembo huchoma shina kwa pembe zake na kubandua gome ili atafune nyuzi laini zenye maji. Mbuyu, tofauti na miti mingi, huweza kuotesha gome jipya, na ndiyo maana mikongwe mingi ya Tarangire ingali imesimama ikiwa na makovu makubwa.

Kundi ambalo mgeni huliona likivuka mto kwa kawaida ni ukoo wa majike na ndama wao, ukiongozwa na jike mkongwe, kwa kuwa madume huacha familia wanapobalehe. Jike hubeba mimba kwa miezi 22 na huzaa ndama mmoja kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo kifo cha ndama ni hasara isiyofidiwa haraka. Ukubwa wa jambo hili ulidhihirika mwaka 1993, Tarangire ilipokumbwa na ukame mkali, ambapo watafiti waliokuwa wakiwafuatilia tembo hao waliona ndama 16 kati ya 81 wakifa katika muda wa miezi tisa. Koo zilizotoka hifadhini kutafuta maji na malisho kwingine zilipoteza ndama wachache kuliko ule uliobaki ndani, na ukoo uliobaki ndio uliokuwa umeporwa majike wake wazee na majangili katika miaka ya 1970 na 1980. Watafiti hao walieleza kwamba huenda majike wakongwe walikumbuka ukame wa miaka ya 1958 hadi 1961 na njia zilizowaokoa wakati ule. Maelezo hayo yanastahili kuzingatiwa sana, maana yanaonyesha kwamba jangili anayeua jike mzee kwa ajili ya pembe huwanyima pia wadogo ujuzi ambao hawana pa kujifunzia tena.

Ujuzi huo, hata unapokuwapo, hauna faida pasipo njia ya kupita. Mvua zinaponyesha, wanyama wengi huiacha Tarangire na kutawanyika, hasa nyumbu na pundamilia wanaokwenda tambarare za Simanjiro, upande wa mashariki, ambako nyasi zina madini ya fosforasi yanayohitajika na majike wanaonyonyesha. Hufika huko kwa kupitia shoroba, yaani mapito ya asili ya wanyamapori yaliyo nje ya mipaka ya hifadhi, katika ardhi ambamo wenyeji huishi, hulima na kuchunga mifugo, na mashamba mapya yameshaziba baadhi yake. Mfugaji wa Kimaasai na mnyamapori wanaweza kutumia nyanda hizo kwa pamoja, lakini jembe linapogeuza nyasi kuwa shamba, wote wawili hukosa malisho. Kwa msingi huo, mwaka 2005 kijiji cha Terrat, Simanjiro, kiliafikiana na kampuni za utalii kwamba sehemu ya nyanda zake isilimwe, ufugaji uendelee kama kawaida, na kijiji kilipwe fedha kila mwaka.