Fundi wa parashuti: kazi ya mezani inayoshika uhai wa anayeruka

KABONGO, Haut-Lomami – Mchana wa tarehe 19 Mei 1978, askari karibu 400 wa kikosi cha Ufaransa cha 2e REP waliruka kutoka ndege na kushuka katika mji wa Kolwezi. Mgongoni walibeba parashuti zisizo zao. Walikuwa wametoka kisiwa cha Corsica kwenda Kinshasa kwa haraka, bila parashuti zao, na pale Kinshasa walipewa T-10, parashuti za Kimarekani zilizotoka katika ghala ya jeshi la Zaire.

Tatizo lilionekana mara moja. Mifuko yao ya silaha na vyombo ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya parashuti za Kifaransa, na vifungo vyake havikulingana na mikanda ya T-10. Hapakuwa na muda wa kushona kitu kipya. Askari walifunga mizigo yao kwa waya na kamba, kisha wakaingia katika ndege.

Watu wa Haut-Lomami, Lualaba na Haut-Katanga wanaisikia habari ya Kolwezi tangu miaka mingi. Majina ya wakubwa yanajulikana, kama vile Kanali Philippe Erulin aliyeongoza kikosi kile. Waliozikunja zile parashuti na kuzifunga hawatajwi. Lakini kila askari aliyeruka siku ile aliweka uhai wake katika mikono ya mtu wa ghala ambaye hakumjua.

Mtu huyo ana kazi yake na jina lake: fundi wa parashuti. Anakagua, anakausha, anashona, anakunja, anafunga, halafu anaweka saini.

Kamina, njia ya askari wa miavuli

Kabongo ni moja ya wilaya tano za Haut-Lomami, pamoja na Kamina, Kaniama, Bukama na Malemba-Nkulu. Ukitoka Kabongo kwenda kusini unafika Kamina, na karibu na mji huo kuna kambi kubwa ya jeshi inayojulikana kwa jina fupi la BAKA. Wabelgiji waliijenga baada ya vita kuu ya pili ya dunia. Katika miaka ya 1950 walifundisha hapo marubani na askari wa miavuli.

Tarehe 22 Novemba 1964, ndege za C-130 za Marekani zilitua Kamina zikiwa na wapara-komando wa Ubelgiji. Alfajiri ya tarehe 24, askari 320 kati yao waliruka juu ya kiwanja cha ndege cha Stanleyville, ambayo ni Kisangani ya leo, ili kuokoa wageni walioshikwa na waasi wa Simba. Katika vita ile Wakongomani wengi sana walipoteza maisha. Mwaka 1978 wapara-komando wa Ubelgiji walipitia tena Kamina kabla ya kuingia Kolwezi tarehe 20 Mei, safari hii bila kuruka, kwa sababu ndege zao zilitua.

Wakongomani nao walijifunza kuruka. Mwaka 1963 Joseph-Désiré Mobutu mwenyewe alienda Israel kupata mafunzo ya parashuti, na Waisraeli walisaidia kufundisha askari wa miavuli wa Congo. Mwezi Mei 1978, siku tatu mbele ya Wafaransa, askari wa miavuli wa Zaire waliruka Kolwezi, na wengi wao waliuawa.

Kwa hiyo parashuti si kitu kigeni katika jimbo hili. Kinachojulikana kidogo ni kazi inayofanyika kabla ya ndege kuondoka.

Kitambaa kinachoogopa jua

Zamani parashuti zilishonwa kwa hariri. Tangu miaka ya 1940 nailoni ilichukua nafasi yake, kwa sababu ni nyepesi, ina nguvu, na haiozi haraka. Hata hivyo nailoni ina maadui, na wengi wao wanapatikana Haut-Lomami.

Adui wa kwanza ni jua. Kila mkaaji wa Kabongo amekwisha kuona turubai lililoachwa juani kwa muda mrefu: kwa macho linaonekana zima, lakini ukilivuta linapasuka. Mwanga wa jua unaila nailoni vilevile. Ndiyo maana parashuti haianikwi juani kama shuka. Inatundikwa ndani ya nyumba ndefu ya kwenda juu, yenye hewa na kivuli, mpaka ikauke.

Adui wa pili ni unyevu. Wakati wa mvua, parashuti iliyofungwa ikiwa na maji inashika ukungu, vyuma vyake vinapata kutu, na kitambaa kinashikamana. Wakati wa kiangazi ni zamu ya vumbi na mchanga: chembe ndogo zinaingia kati ya nyuzi na kuzikata kidogo kidogo kila kitambaa kinapokunjwa.

Adui mwingine ni asidi ya betri. Katika gari linalobeba betri na parashuti pamoja, tone moja linatosha kuharibu kitambaa, na pengine alama haionekani siku ile. Kuna pia mafuta, moto, panya na wadudu. Fundi mzuri anajua kwamba parashuti inaweza kufa ikiwa imelala katika ghala, bila mtu yeyote kuruka nayo.

Meza, hesabu na saini

T-10 ina upana wa karibu mita 11 na kamba 30. Fundi anaitandika juu ya meza ndefu na kuivuta inyooke. Sheria ya Marekani inataja meza laini yenye urefu wa karibu mita 12 na upana wa karibu sentimita 90. Fundi anapitisha macho na vidole katika kila kipande cha kitambaa, kila mshono na kila kamba. Kamba zinagawanywa, 15 upande huu na 15 upande ule, ili ihakikishwe kwamba hakuna hata moja iliyovuka juu ya nyingine. Kisha kitambaa kinakunjwa na kuingizwa katika mfuko wake, na kamba zinapangwa zigizaga ili zitoke moja baada ya nyingine.

Kwa nini uangalifu wote huo? Askari anaruka chini sana. Kutoka mita 250, mtu ambaye parashuti yake haikufunguka anafika ardhini kwa sekunde 7 au 8. Mwenye T-10 anafundishwa kuhesabu sekunde 4 kisha atazame juu. Kama hakuna kitu, anabaki na sekunde chache za kuvuta parashuti ya akiba iliyofungwa kifuani. Kosa lililofanyika mezani hakuna nafasi ya kulisahihisha angani.

Kanuni moja ya karakana inaonekana ndogo lakini ni nzito: hesabu vyombo vyako kabla ya kuanza, na uvihesabu tena ukimaliza. Pini za muda zinafungwa utambaa wa rangi kali ili zionekane. Pini moja ikisahaulika ndani, mkoba hautafunguka. Ikikosekana, kazi yote inafunguliwa upya, hata kama saa za kazi zimekwisha.

Mwisho ni karatasi. Kila parashuti ya akiba ina kadi yake, inayoandikwa namba, tarehe, mahali na jina la aliyeifunga. Huko Marekani fundi anaongeza uzi na muhuri mdogo wa risasi wenye alama yake mwenyewe. Muhuri ukiwa umekatika, hakuna anayeuliza maswali mengi: parashuti inarudi mezani. Hata kama haikuguswa, parashuti ya akiba ya nailoni lazima ifunguliwe, ikaguliwe na kufungwa upya kila siku 180. Ile ya hariri ni kila siku 60. Nchi zingine zina muda wao, lakini kadi na saini ziko kila mahali.

Mashine pia zimekuja kusaidia. Tangu mwaka 1991 kampuni ya Airtec ya Ujerumani inauza kifaa kiitwacho Cypres kwa wanaoruka kwa michezo. Mtu akiwa bado anaanguka kwa mwendo wa zaidi ya mita 35 kwa sekunde, karibu mita 225 juu ya ardhi, kifaa kinakata kamba ndogo inayofunga mkoba wa akiba. Lakini kinafungua mkoba tu. Kama kilicho ndani kilikunjwa vibaya, mashine haina la kufanya.

Kesi ya Uingereza

Nguvu ya ukaguzi ilionekana mbele ya mahakama nchini Uingereza. Mwezi Aprili 2015, mwanamke mmoja mwenye uzoefu wa kuruka alianguka kutoka mita 1.200 hivi, katika kiwanja cha Netheravon. Parashuti yake kubwa ilijisokota, na ile ya akiba haikumshika. Aliangukia shamba lililolimwa, akavunjika mifupa, lakini akapona.

Wataalamu walipochunguza parashuti ya akiba, waliona kwamba vifungo viwili vinavyounganisha kamba na mikanda havikuwepo. Vitu kama hivyo havipotei vyenyewe. Uchunguzi ulifika kwa mume wake, Emile Cilliers, sajenti wa jeshi aliyejua vizuri vyombo hivyo. Mwaka 2018 mahakama ilimkuta na hatia ya kujaribu kumuua mke wake, na akahukumiwa kifungo cha maisha, asitoke kabla ya miaka 18.

Bila watu wanaojua jinsi parashuti inavyopaswa kuwa, kipande kwa kipande, ajali ile ingeweza kuitwa bahati mbaya.

Namna ya kujifunza

Katika majeshi mengi, fundi wa parashuti kwanza anajifunza kuruka. Jeshi la Marekani linawafundisha mafundi wake katika jimbo la Virginia, na ni lazima wawe askari wa miavuli. Ufaransa inafundisha kuruka huko Pau, na sehemu kubwa ya kazi ya kukunja na kutengeneza parashuti za jeshi inafanyika Toulouse, kwa kikosi cha 1er RTP. Ubelgiji ina kituo chake Schaffen.

Kwa raia, Marekani inaonyesha ngazi vizuri. Anayetaka cheti awe na miaka 18, ajue kusoma, kuandika na kusema Kiingereza, na awe amefunga angalau parashuti 20 za aina moja chini ya macho ya fundi mwenye cheti. Halafu anafanya mitihani ya kuandika, ya kujibu kwa mdomo na ya mikono. Kufikia ngazi ya fundi mkuu, anayeruhusiwa kufanya matengenezo makubwa, kunahitaji miaka 3 ya kazi na parashuti 100 kwa kila aina, katika aina mbili.

Kwa kijana wa Kabongo, njia iliyo karibu ni jeshi, kwani kambi ya Kamina leo ni ya FARDC. Njia ya pili ni nje ya nchi, mahali raia wanaporuka kwa michezo au utalii, kama Afrika Kusini, au Diani katika pwani ya Kenya. Lakini mwanzo wa kazi hii unapatikana hata sokoni. Mshonaji anayejua kutengeneza mashini yake, kuchagua sindano na uzi unaofaa, kushona zigizaga bila kuruka mshono, na kufumua kazi mbaya bila kuona haya, tayari ameshika sehemu ya ufundi. Kinachobaki ni kujifunza vyombo, kusoma vitabu vya mtengenezaji, na kukubali kusimamiwa kwa muda mrefu.

Kuna pia onyo. Parashuti ya zamani ya jeshi inaweza kuonekana nzuri, na kitambaa chake kinafaa kwa hema au mfuko. Isirudishwe mgongoni mwa mtu. Parashuti isiyo na kadi, isiyojulikana ilikaa wapi wala nani aliifunga, ni kitambaa tu.

Haki ya kukataa

Sheria ya Marekani inamkataza fundi kufunga parashuti ambayo haijakauka na kupigwa hewa vizuri, au ambayo si salama. Haisemi kwamba mkubwa akiamuru inaruhusiwa, wala kwamba haraka ya safari inabadilisha kitu. Fundi akiona kasoro, hatii saini, na pasipo saini yake parashuti ile haiingii katika ndege.

Hilo ndilo jambo gumu zaidi kufundisha, kuliko mikunjo na mishono. Mwanafunzi anaweza kujifunza kuhesabu kamba 30 kwa siku moja. Kumwambia kanali kwamba parashuti yake haitaruka leo, hilo linahitaji mtu aliyezoea kusimama nyuma ya jina lake.