Chombo Kisicho na Rubani

Hebu fikiri matatu itoke hapa Khwisero mpaka Kisumu, abiria washuke, halafu matatu yenyewe isukumwe ziwani izame. Kesho inanunuliwa nyingine mpya! Utasema huo ni wazimu, lakini ndivyo roketi nyingi zilivyotumika. Hata kwetu Kenya, kati ya 1967 na 1988, Waitaliano walirusha roketi aina ya Scout kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ile ya tarehe 12 Desemba 1970 ilibeba setilaiti iliyoitwa Uhuru, maana siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake. Scout ilikuwa na vipande vinne. Kila kimoja kikimaliza kuungua kiliachwa, basi.

Tena si vipande vyote vya roketi huangukia baharini. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzani wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni sehemu ya roketi. Bahati njema hakuna aliyeumia. Lakini boma zetu hapa zilivyosongamana, je?

Ndiyo maana wataalamu wanataka vyombo vya kwenda na kurudi. Sasa nani atapanda kile cha kwanza? Hakuna! Kompyuta ndiyo rubani. Chombo kikivunjika, ni hasara ya chuma tu, wala hakuna matanga. Mwaka 1993 Wamarekani walijaribu DC-X huko New Mexico: kilipaa mita 46 tu, kikasogea kando, kikatua wima juu ya miguu yake. Mwaka 1996 mguu mmoja ulikataa kufunguka. Kikaanguka na kuteketea.

Wahindi nao wamekwenda hatua kwa hatua, na mimi naona ndio werevu. Tarehe 2 Aprili 2023 walikining'iniza chombo chenye mabawa chini ya helikopta, wakakiachilia kikiwa juu kilomita 4.5. Hawakuhitaji roketi, kwa kuwa walitaka kupima kutua peke yake. Mnamo Juni 2024 wakakiachilia makusudi mita 500 kando ya njia, katika upepo mkali. Kumbe chombo kilitambua kimepotoka, kikajirekebisha chenyewe, kikatua katikati ya uwanja.