Mawakili wanatumiana mafaili kwa linki: hatari iko wapi?

Faili la kesi linaweza kuwa na mamia ya kurasa zilizoskaniwa, picha na video. Akaunti ya kawaida ya Gmail haitumi kiambatanisho kinachozidi MB 25. Ndiyo maana mawakili hupakia nyaraka kwenye Google Drive, Dropbox au Box, kisha hutumiana linki tu.

Shida ni kwamba linki isiyo na nenosiri ni kama ufunguo: yeyote aliyenao anaingia.

Kampuni moja ya bima Marekani ilijionea hilo. Mpelelezi wake aliweka video kwenye Box bila nenosiri, akatuma linki. Baadaye akaweka faili zima la madai kwenye folda ileile, mawakili wa kampuni walichukue. Linki ya zamani ikawafikia mawakili wa upande wa pili. Wakaibofya, wakakuta kila kitu.

Februari 2017, hakimu huko Virginia alisema ni sawa na kuacha faili kwenye benchi hadharani, hivyo kampuni imepoteza haki ya usiri. Oktoba, jaji alitengua uamuzi huo. Lakini faili lilikuwa limeshasomwa.

Kwa hiyo kabla ya kutuma:

- Ruhusu barua pepe za wahusika tu, si "yeyote mwenye linki".
- Nenosiri lisiende kwenye barua pepe yenye linki; piga simu.
- Weka tarehe ya linki kuisha.
- Usirudie folda ya zamani. Kazi ikiisha, ifunge.