UGONJWA HAUNGOJI AMRI

JE, msomaji, waikumbuka Ijumaa ya Machi 13, 2020? Ndiyo siku Waziri wa Afya, Bw Mutahi Kagwe, alipotangaza kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini Kenya. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Machi 25 ndege za abiria kutoka ng'ambo zilisimamishwa, na Machi 27 kafyu ikaanza.

Haraka hiyo ilikuwa na maana. Mwenye virusi huweza kuwaambukiza wenzake kabla hajaanza kukohoa, na dalili huweza kuchukua hata siku 14 kujitokeza. Kwa hivyo hesabu inayotangazwa leo ni ya maambukizi ya siku nyingi zilizopita. Wagonjwa 100 wakiongezeka maradufu kila juma, baada ya majuma matatu watakuwa 800. Serikali ikingoja hadi hospitali zijae ndipo ichukue hatua, itakuwa inafunga mlango mwizi akiwa ndani.

Hata hivyo, amri ya mapema pekee haitoshi. Katika vijumba vya Kibera na Kawangware, familia nzima hulala chumba kimoja, maji hununuliwa kwa mtungi, na choo ni cha majirani wote. Anayefanya kibarua hula alichopata siku hiyo. Kafyu ilipowekwa kuanzia saa moja jioni, wafanyakazi walisongamana katika vituo vya matatu wakikimbizana na saa. Msongamano ndio uliokuwa ukiepukwa!

Aprili 6 watu walizuiwa kuingia au kutoka Nairobi. Siku nne baadaye umati ulikanyagana Kibera uking'ang'ania msaada wa chakula, polisi wakafyatua vitoa machozi, na watu wakajeruhiwa. Marufuku yalitangulia, unga ukafuata nyuma.

Kulegeza masharti nako kuna wakati wake. Mwishoni mwa Septemba mabaa yaliruhusiwa kufunguliwa. Kufikia Novemba 4, visa vikiwa vimepanda tena, Rais alilazimika kukaza kamba upya. Baadaye wataalamu walikadiria kwamba kufikia mwezi huo takriban mtu mmoja kati ya watatu jijini alikuwa ameshaambukizwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini mwashi naye hawezi kufanya kazi kwa njaa. Gonjwa jingine likizuka, msomaji, usiulize tu ni amri gani imetolewa. Uliza imetolewa lini, na iwapo maji na unga vimefika mtaani siku iyo hiyo.