Ramani ya Zamani Ndani ya Taarifa Mpya

Picha huingia katika taarifa ya kompyuta kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuipachika, ambapo nakala yake kamili huhifadhiwa ndani ya faili la taarifa na kusafiri nalo popote liendapo. Ya pili ni kuiunganisha, ambapo taarifa hubeba anwani tu, yaani maelezo ya diski, folda na jina la faili la picha, na programu kama Microsoft Word au LibreOffice huifuata anwani hiyo kila inapoionyesha picha ukurasani. Njia ya pili huwafaa sana maofisa wa mipango, takwimu na ardhi, kwa sababu ramani ikisahihishwa mara moja, taarifa zote zinazoitumia zinatarajiwa kupokea sahihisho hilo bila mtu kuzipitia moja baada ya nyingine. Tatizo huanza pale ramani inapobadilika ilhali taarifa imebaki na sura ya jana.

Katika Mkoa wa Katavi kosa hilo lina uzito wa pekee. Mkoa huu, ambao makao yake makuu ni Mpanda, ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na leo una wilaya tatu za Mpanda, Mlele na Tanganyika, zenye halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 katika eneo hilo, na ya mwaka 2022 ikahesabu 1,152,958; kwa hiyo chati ya sensa ya kwanza ikisalia chini ya aya inayozungumzia sensa ya pili, diwani anayejadili visima na zahanati huoneshwa watu wasiofikia hata nusu ya wanaozihitaji huduma hizo.

Kiungo kilichokatika waziwazi hakina hatari kubwa, kwa sababu programu huacha kisanduku kitupu chenye alama nyekundu na kutangaza kwamba picha haikupatikana, na mwandishi hulazimika kuitafuta. Kinachostahili kuogopwa ni kiungo kinachokosea kimyakimya. Hutokea, kwa mfano, mchora ramani anayetumia QGIS, programu huria ya ramani, akatoa toleo lililosahihishwa na kulipa jina jipya, huku toleo la awali likiachwa katika folda ileile: anwani iliyo ndani ya taarifa bado ni sahihi, faili lipo, kompyuta haina la kulalamikia, na mipaka ya zamani huendelea kuchapwa. Hutokea pia pale picha ilipounganishwa na wakati huohuo nakala yake ikahifadhiwa ndani ya taarifa, kwa maana faili la asili likihamishwa, nakala ile ya ndani hujitokeza badala yake pasipo onyo lolote.

Sababu nyingine zinatokana na jinsi kazi inavyopita mikononi mwa watu. Taarifa ikibebwa kwa flashi kutoka ofisi moja hadi nyingine, Windows huweza kuipa flashi hiyo herufi tofauti katika kila kompyuta, hivyo anwani iliyoanza na E haifiki popote mahali ambapo flashi imeitwa F. Faili lililopokewa kwa barua pepe nalo hufunguliwa kwanza katika hali ya ulinzi, ambayo huzuia viungo kuhuishwa mpaka mtumiaji aruhusu uhariri. Picha inayotoka kwenye mtandao huweza kucheleweshwa na kache, yaani akiba ya muda ambamo kompyuta huweka nakala ili isiipakue tena.

Uchunguzi wenye tija huanzia kwenye faili la picha, kabla ya taarifa yenyewe kuguswa: lifunguliwe peke yake, tarehe yake ya mwisho kubadilishwa itazamwe, kisha anwani yake ilinganishwe na ile iliyoandikwa katika orodha ya viungo, ambayo Word huiweka chini ya menyu ya Faili na LibreOffice chini ya menyu ya Hariri. Anwani zikilingana, kiungo kihuishwe kutoka orodha hiyohiyo. Katika Word, kuchagua maandishi yote na kubonyeza F9 huhuisha sehemu nyingi zinazojijaza zenyewe, ingawa si busara kuitegemea hatua hiyo pekee. Anwani zikitofautiana, chanzo kibadilishwe papo hapo. Ofisi inayoweka taarifa na picha zake katika folda moja, na kuandika toleo jipya juu ya jina lilelile baada ya kuhamishia la zamani kwenye folda ya kumbukumbu, huepukana na sehemu kubwa ya usumbufu huu.

Kuunganisha kunafaa wakati wa kuandika, lakini hakufai wakati wa kutuma. Kabla taarifa haijapelekwa kwa sekretarieti ya mkoa, itengenezwe nakala, viungo vya nakala hiyo vivunjwe ili picha zibaki ndani yake, kila ramani isomwe pamoja na aya inayoielezea, na nakala hiyo ihifadhiwe kama PDF; faili la asili, pamoja na viungo vyake, libaki ofisini kwa ajili ya robo mwaka inayofuata.