Chonge Zinapochoma Kaakaa la Mtoto wa Mbwa

Mtu akigundua kwamba meno ya mtoto wake wa mbwa hayakutani sawasawa, ushauri anaopewa mara nyingi ni asubiri. Ataambiwa kwamba yale ni meno ya utoto, yatang'oka yenyewe na mengine yataota. Ushauri huo una msingi wa kweli. Meno 28 ya utoto huchomoza kati ya wiki ya 3 na ya 6, huanza kudondoka mbwa akiwa na takriban miezi 4, na kufikia mwezi wa 7 mbwa wengi huwa na meno yote 42 ya ukubwani. Kwa kasoro nyingi ndogo, kusubiri hakumdhuru mnyama. Ila ipo kasoro moja ambayo kuisubiri ni kumtesa, nayo ni pale chonge za taya la chini zinapopanda na kuchoma kaakaa. Hapo mambo mawili huenda pamoja: mtoto anaumia kila anapofumba kinywa, na taya lake linazuiwa kukua.

Katika kinywa kilicho sawa, meno ya mbele ya juu hutangulia kidogo yale ya chini na kuyagusa, na kila chonge ya chini huingia katika pengo lililopo kati ya jino la mwisho la mbele na chonge ya juu. Pengo hilo ndilo la kuangaliwa. Taya la chini likiwa fupi, au chonge zake zikiwa zimeinamia ndani, ncha zake hulikosa pengo na kujikita katika nyama ya kaakaa. Chonge za utoto ni nyembamba na kali kama sindano, hivyo huchimba vishimo. Taya la juu na la chini hayakui kwa kasi moja wakati wote; kuna majuma ambapo moja humtangulia mwenzake, kisha la pili likamfikia. Chonge zikishajikita, taya la chini haliwezi tena kusogea mbele hata kama wakati wake wa kukua umefika. Ndiyo maana madaktari wa meno ya wanyama hupendekeza chonge hizo za utoto zing'olewe mapema, mara nyingi mtoto akiwa na umri wa kati ya wiki 8 na 12.

Pingamizi la kwanza husikika kwa wenye mbwa wenyewe: mbona anakula, anacheza, wala halii? Mbwa huendelea kula akiwa na maumivu makali ya kinywa, kwa sababu njaa haimwachii nafasi ya kuchagua, na mtoto ambaye kinywa chake kimeuma tangu meno yalipochomoza hajui hali nyingine. Kutolia kwake hakuthibitishi chochote. Kidonda cha kaakaa ndicho ushahidi, na kikiachwa mpaka chonge za ukubwani zikaingia mahali palepale, kinaweza kutoboka hadi puani, chakula kikapenya na pua ikaanza kutoa uchafu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: urefu wa taya hurithiwa, kwa hiyo kung'oa jino kutasaidia nini? Charles Stockard, mtafiti wa Marekani aliyezalisha mbwa wa aina mbalimbali kwa kuwachanganya, na ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1941, alionyesha kwamba urefu wa taya la juu na wa taya la chini unaweza kurithiwa kila mmoja peke yake. Mtoto anaweza kupata taya moja kwa upande wa mama na jingine kwa upande wa baba. Ni kweli basi kwamba kung'oa hakuongezi urefu ambao vinasaba havikuupanga, na daktari anayeahidi taya litanyooka anasema asichokijua. Kinachofanyika ni kuondoa kizuizi, ili urefu wowote uliopangwa upate kujitokeza. Hata taya lisipoongezeka hata kidogo, maumivu ya kuchomwa kaakaa yamekwisha siku hiyohiyo. Kwangu mimi, hilo peke yake linatosha.

Wapo pia wanaoiogopa dawa ya usingizi kwa mnyama mdogo hivyo. Hofu hiyo ni halali, na ndiyo sababu kazi hii haifai kufanywa ovyo. Mzizi wa chonge ya utoto ni mrefu kuliko sehemu inayoonekana, ni mwembamba na umepinda, na karibu nao kabisa limelala jino la ukubwani ambalo bado linajengeka. Kazi hiyo inahitaji picha ya eksirei, mkono mtulivu na mtu wa kufuatilia pumzi na joto la mwili. Lakini njia ya mkato ambayo baadhi ya wafugaji huitumia, ya kukata ncha za chonge kwa mkasi wa kucha, ni mbaya kuliko dawa yoyote ya usingizi. Huacha kiini cha jino wazi, vijidudu huingia, na maambukizi yanaweza kushuka na kuliharibu jino lililo chini.

Nafasi hiyo ya wiki 8 hadi 12 ikishapita, bado kuna la kufanya, ingawa gharama hupanda. Chonge ya chini ya ukubwani huota kwa ndani ya ile ya utoto. Kwa hiyo ya utoto ikigoma kung'oka, ya ukubwani husukumwa kwenye kaakaa. Meno mawili ya aina moja hayapaswi kukaa mahali pamoja, na la utoto liondolewe mara la ukubwani linapoonekana. Mwinamo ukiwa mdogo na taya zikiwa na urefu wa kawaida, mpira wa kutafuna wenye ukubwa unaofaa unaweza kuzisogeza chonge nje. Mwinamo ukiwa mkubwa, daktari hulifupisha jino na kukitibu kiini chake, au huling'oa.

Si kila taya lisilolingana linahitaji mkono wa daktari. Bulldog na Boxer taya lao la chini hutangulia kwa mujibu wa viwango vya aina zao, na wengi huishi bila jino kugusa nyama. Kwa German Shepherd, ambaye Afrika Mashariki hununuliwa sana kwa ulinzi, viwango vinadai meno yakutane kama nilivyoeleza, na watoto wake huuzwa wakiwa na takriban wiki 8, umri uleule wa matibabu. Mnunuzi ainue midomo ya mtoto kinywa kikiwa kimefumbwa, atazame mbele na pande zote mbili. Kinywa kikifunguliwa, mkutano wa meno hauonekani tena. Mbwa aliyetibiwa kasoro hii asizalishwe, na muuzaji aarifiwe ili akague ndugu zake wa uzao huo kabla hawajatawanyika.