Mjumbe Hauawi, Ila Anatetemeka

Nilisimama mbele ya lango la bluu hapa Karavia, Katanga, si mbali na ziwa, bahasha mfukoni, mdomo umekauka. Mpwa wangu alikuwa amempa mimba binti wa watu kabla ya posa, na ukoo ukanichagua mimi nikaseme. Njia nzima nilijiambia: mjumbe hauawi. Lango lilipofunguliwa, sauti ikanipotea.

Baba wa binti akanitazama kwa muda, kisha akasema: “Ingia, Papa. Hasira yangu haiko kwako, iko kwa aliyekutuma.”

Mwalimu mstaafu wa sekondari kama mimi hawezi kusikia neno kama hilo asikumbuke Iliad, utenzi wa Homer. Mfalme Agamemnon anawatuma wapiga mbiu wake wawili, Talthybius na Eurybates, wakamchukue Briseis, mateka wa vita, kutoka kwa Achilles. Wanakwenda shingo upande. Wakifika wanasimama kimya, hofu na heshima zimewafunga midomo. Achilles, ambaye ghadhabu yake ndiyo utenzi wenyewe, ndiye anayeanza: anawaita wasogee, lawama anamwachia mfalme.

Mpiga mbiu wa Kigiriki hakuwa tarishi tu. Aliwaita watu barazani, akawanyamazisha, akamkabidhi msemaji fimbo. Hata divai ya kiapo aliichanganya yeye. Mlinzi wake alikuwa mungu Hermes. Silaha hakuwa nayo, na hapo ndipo nguvu yake ilipokuwa. Katika utenzi uleule, Ajax wa Wagiriki na Hector wa Troy walipokaribia kukatana kwa panga, Talthybius na mwenzake wa Troy, Idaeus, waliingiza fimbo zao katikati: usiku umeingia, basi. Majabari wale wakaacha, wakapeana zawadi.

Si wote walioiheshimu fimbo hiyo. Herodotus anasimulia kwamba Wasparta waliwatupa kisimani wajumbe wa Darius, mfalme wa Uajemi.

Kwetu Katanga mambo yaligeuka upande wa pili. Tarehe 20 Desemba 1891, huko Bunkeya, kapteni Bodson alitumwa akamlete Msiri, mfalme wa Wayeke aliyeikataa bendera ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Alikwenda na askari wenye bunduki. Alimpiga Msiri risasi, akafa. Bodson naye akapigwa, hakupona. Huyo mimi simwiti mjumbe.

Bahasha yangu ilifunguliwa mezani, pesa zikahesabiwa mara mbili. Mpwa wangu alitozwa faini ya mbuzi wawili. Mimi nilirudi nyumbani na kuku.